Nusu ya Pumzi Iliyobaki

2 Oktoba

Muuguzi wa sante, kituo chetu cha afya hapa Wamaza, amenipa kaye hii, daftari jipya, ili niandike dawa za presha za Mzee: asubuhi kidonge kimoja, jioni nusu. Nimeandika. Imechukua mstari mmoja. Sasa kurasa zote hizi zitakula nini? Nilifika darasa la nne la sekondari kabla ya kuolewa, na mkono bado unakumbuka kalamu. Nitaandika na mengine.

Mzee ni Musafiri, baba wa mume wangu. Mume wangu Alain yuko Salamabila kwenye mashimo ya dhahabu. Mimi nimebaki na Mzee, na mtoto wetu Aimée wa miezi minane, na shamba la mpunga. Kwa sababu ya mtoto watu wananiita Mama Aimée. Jina langu la Dieudonnée limebaki kwenye karatasi ya ubatizo.

Miaka mitatu iliyopita kiharusi kilimwangusha Mzee katikati ya mpunga. Kilichukua mkono wa kuume, mguu wa kuume na nusu ya mdomo. Mdomo ulirudi. Mama mukwe ndiye aliyemtunza, mpaka tulipomzika yeye mwenyewe mwaka jana.

Kwetu mke wa mtoto hagusi mwili wa baba mukwe. Hamwoni kifua wazi. Hata kikombe hampi mkono kwa mkono; anakiweka chini, naye anakichukua. Kwa hiyo kumwogesha ni kazi ya dada yake, Shangazi Régina, anayekuja kila asubuhi na fimbo yake. Macho yake yana ukungu, lakini ulimi wake unaona mpaka Kabambare. Akimaliza kumwogesha na kumvalisha, anamketisha kwenye kiti barazani. Halafu mimi ninamfunga.

Kumfunga ni akili yangu. Mzee akikaa bila kufungwa anainamia upande wa kuume polepole, mpaka sikio linalala kwenye mkono wa kiti. Basi nilichukua kitenge changu cha maua ya njano, kile nilichombebea Aimée alipozaliwa, nikakizungusha kifuani mwake na kwenye mgongo wa kiti, juu ya shati, macho yangu yakiangalia uani, nikakaza fundo nyuma. Simgusi, na haanguki. Shangazi alisema, “Leo ndiyo najua ulilelewa.” Sijawahi kumsikia Shangazi akisifu hata jua.

6 Oktoba

Tumemaliza kupanda upande wa kijito. Mgongo si wangu tena.

13 Oktoba

Mvua ya kweli imefika. Nimepalilia na Aimée mgongoni, sote wawili tukiwa matope.

Kuna kitu kwa Mzee kinanichoma. Asubuhi, kabla sijamfunga, ananisalimia kama mtu: “Mama Aimée, umelala namna gani, na mutoto?” Anapumzika katikati, lakini anafika mwisho. Nikishamfunga, salamu inakufa. Mchana naweka uji chini, anasema, “Mama Aimée,” halafu ananyamaza, anaangalia mbali. Nasubiri. Hakuna kitu. Ni jina langu tu, kama mtu anayemwita mbwa ili ajue yuko wapi.

Watu wanasema zamani sauti yake ilikuwa kali. Ndege wakishuka kwenye mpunga, alikuwa anapiga ukelele mmoja tu, “Heeee-yaa!”, nao wanahamia shamba la jirani, na jirani anakuja kugombana. Leo kuku wanapanda miguuni mwake na hana hata “shuu” moja ya kuwafukuza. Nguvu ya kunidharau peke yake ndiyo iliyobaki.

21 Oktoba

Aimée ameota jino la pili. Amelijaribu kwangu.

30 Oktoba

Mzee ameanguka. Nilikuwa kijitoni nikifua, fundo likalegea. Nimemkuta chini, shavu kwenye udongo, kuku wamemzunguka kama watu wa matanga. Sikuweza kumwinua, ningemshikaje? Nilikimbia kumwita Shangazi, na muda wote huo Mzee alikuwa chini.

Shangazi alimketisha na kunigeukia.

“Wewe! Unafunga mutu kama unafunga fungu la majani ya sombe?”

“Shangazi, nilikaza.”

“Ulikaza nini? Ulipozaa, tumbo lako lilifungwa namna gani?”

“Mpaka nikalia.”

“Basi mufunge vile. Akilia, ni kwamba imeshika.”

Nimemfunga vile. Niliweka goti kwenye mgongo wa kiti na kuvuta. Mzee hakulia. Alitoa sauti ndogo, “hh,” kama mpira wa mtoto uliotoboka.

8 Novemba

Mzee anakohoa. Si kikohozi cha mwanaume. Ni kidogo, kama cha bibi arusi mbele ya wageni. Estelle, jirani yetu, alicheka: “Baba Alain anaona haya kukohoa!” Hata mimi nilicheka. Mzee alituangalia wote wawili. Alifungua mdomo, akaufunga.

17 Novemba

Nilipanda kilima nikapata mtandao. Nimemwambia Alain kwamba baba yake anasinzia mchana kutwa na hataki kula.

“Ni mvua,” akasema. “Mupe asali.”

“Na hasemi na mimi.”

“Baba hajapata kusema mingi na mwanamuke. Umuvumilie.”

Nimemvumilia nikishuka kilima. Nilipofika chini uvumilivu ulikuwa umekwisha.

26 Novemba

“Mama Aimée.” Kisha kimya. Leo na mimi nimenyamaza. Tuone nani atachoka.

7 Desemba

Mpunga unatoa masuke. Ndege wameanza kuja kuangalia tu, kama wachumba.

Kikohozi bado. Shangazi amekwenda Kabambare kwenye kilio na atakaa wiki nzima. Ameacha Mzee avalishwe na mpwa wake, ambaye anamvalisha na kwenda zake mbio. Ninakaza kitenge mwenyewe, mara mbili kwa siku, kwa sababu sasa Mzee analegea sana.

14 Desemba

Nitaandika yote, nisije nikajidanganya baadaye.

Asubuhi Mzee alikuwa na joto. Niliona kwa jicho, sikumgusa. Nilimfunga kama kawaida. Mvua ilikuja kwa upepo, ikaingia barazani, ikamlowesha yeye na kitenge. Nilikuwa jikoni natwanga. Nilifikiri: mvua ikipungua nitasogeza kiti.

Ilipopungua nilisikia kimya. Sijui niseme namna gani. Kwa miezi nilizoea kusikia ile “hh, hh” yake bila kujua kwamba naisikia, na sasa haikuwepo.

Nilitoka. Kichwa kilikuwa nyuma, macho wazi, midomo rangi ya majivu yenye samawati. Kifua hakikupanda. Kisha kikajaribu kupanda, kikagonga kitenge, kikarudi. Kikajaribu tena, kikagonga, kikarudi. Nilisimama pale nikiangalia kifua cha mtu kinagonga mlango, na mlango nimeufunga mimi.

Fundo lilikuwa limelowa na kuvimba, halikufunguka kwa kucha wala kwa meno. Nilichukua kisu cha kuvunia mpunga nikakata kitenge katikati ya maua. Alivuta pumzi moja ndefu yenye mlio, kama mtu anayetoka chini ya maji. Halafu akaanza kuteleza kwenda kuume, na safari hii sikukimbia kutafuta mtu. Nilimshika. Kwa mikono yangu, mwili kwa mwili, nikamlaza chini kwa ubavu, nikafungua vifungo vya shati lake.

Nimeona kifua cha baba mukwe wangu. Mungu anisamehe kama kuna wa kusamehewa.

Kilikuwa kama cha watu wawili waliopewa shati moja. Upande wa kushoto ulipanda na kushuka haraka, maskini, kama kuku aliyekimbizwa. Upande wa kuume ulilala tu. Haukupanda. Niliweka kiganja juu yake, nikahesabu, nikasubiri. Labda kidogo sana, kama mtu anayejigeuza usingizini. Na katikati, kutoka kwapa hadi kwapa, mstari mweusi wa upana wa kitenge changu. Ngozi ilikuwa imechubuka na kupona na kuchubuka tena. Miezi mingapi? Tangu nilipoanza. Shangazi kwa macho yake hawezi kuuona. Mpwa alikuwa na haraka. Na mimi nilikuwa naangalia uani, kwa heshima.

Estelle alikuja mbio kwa kelele yangu. Aliona mkono wangu pale ulipokuwa, akajifunika mdomo.

“Mama Aimée! Umemufungua mukwe!”

“Niletee maji na umwite Dady na pikipiki yake.”

“Lakini umemu…”

“Estelle! Maji!”

Dady alisema barabara ya kwenda hospitali ya Kasongo imejaa maji mpaka kesho. Mzee amelala kwa ubavu karibu na mlango, anapumua. Nimekaa karibu naye. Sijaondoa mkono.

15 Desemba

Tuko Kasongo, hospitalini. Tulitoka alfajiri tukafika jua limekwisha kupinduka.

Dady alitoa kitenge chake. Wagonjwa wa namna hii anawafunga mgongoni mwake, kifua kwa mgongo. Hata Mzee alifungwa hivyo siku ile alipoanguka shambani. Nilimnyang'anya kitenge.

“Hapana. Kifua chake hakifungwi tena.”

“Mama, ataanguka! Barabara hii unaijua.”

“Nitamushika mimi.”

Dady akajikuna kisogo. “Wewe? Mukwe wako? Na mukono yako?”

“Ni hiyo niko nayo.”

“Basi leo tutakuwa hadithi ya soko,” akasema, akawasha.

Dady mbele, Mzee katikati, mimi nyuma nikimkumbatia chini ya mbavu, kiunoni, Aimée mgongoni kwangu akilia kila shimo. Pale wanapofulia, wanawake walisimama na nguo mikononi. Mmoja alipaza sauti, “Eh, bibi arusi wa muzee!” Wengine wakacheka. Nilihisi mbavu za Mzee zikitaka kufanya kitu mikononi mwangu. Nilidhani anakufa. Sasa hivi ninapoandika nadhani alitaka kuwajibu.

16 Desemba

Ni homa ya mapafu, upande wa kuume. Wamempa sindano na mashine ya hewa yenye mirija ya puani. Sijalala sana. Aimée yuko sawa.

18 Desemba

Homa imeshuka. Leo alikuja Bwana Hamadi, mtu wa kinesi, wale wanaonyoosha viungo. Nilijua atashika mkono na mguu. Hakugusa mkono. Alichukua futi ya fundi cherehani akamzungushia Mzee kifuani.

“Vuta pumzi, Baba.” Akaangalia. Kisha akamwambia, “Sasa uvute tena, halafu uhesabu kwa pumzi hiyo moja, bila kuvuta nyingine. Moja, mbili, mpaka itakapokwisha.”

Mzee alihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kwisha.

“Wewe, Mama.”

Nilihesabu mpaka thelathini na tatu, na Aimée akinivuta nywele. Nne! Mtu ambaye nilimkasirikia miezi mitatu kwamba hasemi na mimi alikuwa na hewa ya kufika nne, na hiyo ni bila kitenge.

Hamadi aliniuliza anakaaje nyumbani. Nilimwambia. Nilimwonyesha na urefu wa kitenge. Hakunifokea. Ingekuwa afadhali.

“Sikiliza, Mama. Kiharusi kikilaza mukono, hakiishii kwa mukono. Mbavu nazo iko na nyama za kuzivuta, na upande ule zimelala. Ile nyama ya chini ya mapafu nayo imechoka upande ule. Baba anapumua nusu. Na kwa kukohoa mutu anahitaji nguvu. Yeye hana, uchafu unabaki chini, ndiyo hii homa.”

“Na kitenge?”

“Ugonjwa ulimukata nusu ya pumzi. Kitenge kilikuwa kinakula ile nusu iliyobaki.”

Nilitoka nje. Nilisimama karibu na wanaopika, nikatapika. Mwanamke mmoja akaniuliza kama nina mimba. Nikasema hapana, nimeambiwa kitu.

Niliporudi nilimwuliza kwa nini miaka mitatu hatukujua.

“Watu wanauliza mukono utarudi lini. Wanauliza mguu. Hakuna anayekuja kuuliza pumzi, kwa sababu mugonjwa bado anapumua.”

21 Desemba

Tano.

24 Desemba

Hamadi ametufundisha kazi. Mzee akae wima bila kamba: gunia dogo la makapi ya mpunga libanwe upande wa kuume, jingine mgongoni, na kama lazima kitambaa, kipite kwenye mapaja tu. Apulize kwa mrija ndani ya chupa ya maji, mapovu yatoke polepole, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, akisikia kizunguzungu apumzike. Mkono wa mtu uwekwe kwenye mbavu za kuume, ili Mzee apeleke hewa pale panapoguswa.

“Mukono wa nani?” nikauliza.

“Wa mutu anayemupenda,” akasema, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Yeye ni mtu wa Kasongo, hajui alichosema.

28 Desemba

Saba! Mzee mwenyewe alishtuka, akaangalia nyuma kama kuna mwingine aliyehesabu.

3 Januari

Tumerudi. Shangazi alikuwa barazani ananisubiri, fimbo magotini. Yote alikuwa ameshaambiwa, na Estelle, na wafuaji, na upepo.

“Ulifungua shati lake.”

“Ndiyo, Shangazi.”

“Ulimukumbatia barabara nzima ya Kasongo.”

“Ndiyo.”

“Na ulimwona.”

“Nilimwona. Shangazi, kifua chake…”

“Usinitajie kifua cha kaka yangu!”

Hakuniuliza kama alikuwa anakufa. Hakuniuliza alipona vipi. Amesema baada ya mavuno ukoo utakaa. Nitatoa kuku mweupe, nitarudi kwa wazazi wangu mpaka watakaponiita wenyewe, na Mzee atahamia kwake. “Na kitenge nitafunga mimi,” akasema, “kwa sababu wewe umeshindwa hata kufunga.”

Mzee alisikia yote. Kifua kilipanda, kikashuka, kikapanda. Hewa haikutosha kusukuma neno.

4 Januari

Hakuna mirija hapa. Nimekata bua la jani la papai, lile lenye tundu ambalo watoto wanapigia mapovu. Linafanya kazi. Mzee alilitazama, akacheka upande mmoja wa mdomo. Nadhani aliwahi kuwa mtoto.

9 Januari

Tisa. Shangazi haji tena kumwogesha mpaka ukoo ukae. Mpwa anamwogesha. Mkono wa mbavuni ni wangu, asubuhi na jioni, mlango ukiwa wazi, mbele ya kila anayepita. Sifichi. Nikificha itakuwa dhambi kweli.

15 Januari

Ndege. Nimepiga debe kuwafukuza tangu asubuhi hadi jioni. Nimekauka koo.

19 Januari

Leo lazima niandike kwa urefu, ingawa Aimée ana homa ya meno na mkono mmoja umembeba.

Nilimpeleka Mzee ukingoni mwa shamba, kwenye kiti chake na magunia yake ya makapi. Nilikuwa nimekaa chini nikipumzika kati ya ndege na ndege. Akasema:

“Mama Aimée.”

Nikangoja kile kimya chetu. Hakikuja.

“Sikuwa na hasira,” akasema. Akavuta hewa, mkono wangu haukuwepo lakini niliona mbavu zikitafuta. “Sikuwa na hewa.”

Nikageuka.

“Kitenge kikishakazwa… nilikuwa na neno moja, ama mawili. Nikisema maji, napata maji. Nikisema njaa, napata uji.” Akapumzika mpaka ndege wawili walishuka na sikuwafukuza. “Maji na uji ulikuwa unaleta bila kuombwa. Basi hewa nilitumia kwa jina lako. Nilitaka kuongeza asante. Haikufika.”

Sikuweza kumwangalia. Nimerudi nyumbani nimefungua kaye hii nikasoma tena Oktoba na Novemba. “Mama Aimée,” kisha kimya. “Mama Aimée,” kisha kimya. Niliandika kwamba ananiita kama mbwa. Ni mkono wangu ulioandika, sitayafuta. Kila siku mtu alikuwa anamaliza pumzi yake yote kwa jina langu, na mimi nilikuwa nakwenda kukaza fundo.

25 Januari

Kumi na mbili. Homa ya Aimée imekwisha.

2 Februari

Tunavuna. Alain ametuma neno: atakuja kwa kikao.

9 Februari

Kumi na nne jana, kumi na moja leo. Hamadi alisema itapanda na kushuka, nisihesabu kama mtu wa dukani.

11 Februari

Ukoo umekaa leo mchana, uani, kando ya mpunga tulioanika.

Alain alifika jana, mwembamba, matope ya Salamabila hata masikioni. Nilimwambia yote. Akasema, “Mimi nilisema asali.”

Walikuwa Shangazi, wazee wawili wa ukoo, Alain, na mimi chini kwenye mkeka na Aimée. Estelle hakualikwa, lakini alikuwa na kazi nyingi sana kwenye ua wake unaopakana na wetu.

Shangazi alieleza makosa yangu vizuri. Hakuongeza uongo hata mmoja, na hilo ndilo lililoniumiza. Mzee mmoja akaniuliza kama nina neno.

“Nilivunja mwiko,” nikasema. “Kuku nitatoa. Lakini kitenge hakirudi kifuani kwake. Kwa hilo munaweza kunifukuza, nitatoka nikisema hivyo hivyo.”

“Unasikia?” Shangazi akawaambia wazee. “Unasikia mudomo?”

“Régina,” Mzee akasema.

Wote wakamgeukia. Alikaa kati ya magunia yake. Nilitaka kuweka mkono mbavuni, nikajizuia. Alivuta pumzi. Niliona upande wa kushoto ukipanda, halafu, umechelewa, kidogo, upande wa kuume.

“Mama Aimée alinishika kwa sababu nilikuwa nakufa, na yeye ni mutoto wangu na hatoki kwenye nyumba hii.”

Kwa pumzi moja. Hakukata hata mara moja. Alain alisimama bila kujua kwamba amesimama. Kwenye ua wa Estelle kitu kilianguka na kuvunjika.

Miaka mitatu Shangazi hakuwa amesikia kaka yake akisema maneno mengi hivyo kwa pumzi moja. Aliacha fimbo, akaja akipapasa hewa mpaka akampata, akaingiza mkono ndani ya shati, kushoto, kisha kuume. Akangoja. Akarudisha kushoto. Akarudisha kuume.

“Iko kimya,” akasema. “Huku iko kimya.”

“Imeanza kuamka, Shangazi,” nikasema. “Ngoja kidogo utaisikia.”

Akangoja. Vidole vyake vikapita kwenye lile kovu la kitenge, mwanzo hadi mwisho, polepole, na nikaona uso wake ukielewa.

“Nimemwogesha kila asubuhi,” akasema, hakuwa anatuambia sisi. “Nilimusugua kama sahani. Na nilikwambia ukaze.”

Nilisema ndiyo. Sikutaka kusema “si neno,” kwa sababu lilikuwa neno.

Wazee waliamua kuku atolewe, kwa ajili ya mwiko, na mimi nibaki. Shangazi alisema kuku atamtoa yeye.

18 Februari

Mpunga uko ghalani. Shangazi anakuja tena asubuhi. Nimemfundisha mahali pa kuweka mkono, naye sasa ananifundisha mimi, kama vile alianza yeye. Ile nusu moja ya kitenge nimeipindia Aimée. Nyingine ni ya mapajani mwa Mzee, na fundo analifunga mwenyewe kwa mkono wa kushoto, linalegea, tunaliacha lilegee.

Leo mchana niliweka kikombe chini mbele yake, kwa mazoea. Hakukichukua. Alinyoosha mkono wa kushoto hewani, akangoja. Nilisimama pale kama mjinga. Kisha nikakiokota, nikampa mkononi.

“Mama Aimée,” akasema.

Nikangoja, nikiwa tayari kwa kimya.

“Asante.”